Muziki wa Kumlaza Shangazi

Jana niliota, tena mchana kweupe, shavu likiwa juu ya kibodi ya kompyuta na feni ikinipuliza kisogoni. Niliota ngoma imekuja kuniaga.

Kwanza niseme ni ngoma gani. Mimi ni prodyuza. Ukihudhuria harusi hapa Tabora, ile midundo inayowafanya mashangazi wa bwana harusi wavue viatu na kuingia uwanjani, mingi ni kazi ya mikono yangu. Na ngoma ninayoisema ni ile sauti ya chini, du, du, du, inayoushika wimbo mzima kama nguzo ya kati inavyoshika paa. Sijawahi kutengeneza wimbo ambao ngoma hiyo haimo.

Lakini shangazi yangu, Bi Kalunde, alifiwa na mumewe, Mzee Mihayo fundi viatu, na tangu siku hiyo usingizi ulimhama. Nilihamia kwake mtaa wa Cheyo baada ya arobaini ili asikae peke yake, na nikayaona kwa macho yangu. Usiku kucha yuko macho makavu, mchana anasinzia huku anasonga ugali. Wiki iliyopita alisinzia na mwiko mkononi, nikamdaka kabla hajaliangukia jiko. Zahanati walimpa vidonge akavikataa; alisema vinamwangusha kama gogo, wala si kulala huko. Kisha siku moja, kwa haya, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyemzoea, akaniuliza kama siwezi kumtengenezea muziki wa kulalia. Usiopiga, alisema.

Nikamjibu ni jambo dogo. Halikuwa dogo. Nilitoa ngoma, na wimbo wote ukaporomoka. Nikatafuta mafunzo mtandaoni, nikampata mwalimu mmoja anayefundisha muziki wa kompyuta usio wa kucheza, anayeongea kwa sauti ya mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Alisema ondoa ngoma, ichuje sauti, ipe chumba kikubwa cha kuishi, halafu ivute mpaka isahau ilikoanzia. Nikafuata yote. Nilichopata kilikuwa kama blenda ya nyumba ya pili. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akauliza kama umeme unataka kukatika.

Basi ndotoni ngoma yuko mlangoni. Ni mtu mzima, mfupi, mnene, amevaa suti ya harusi, na kila akikanyaga ardhi inasema du.

"Nimesikia umenitoa," anasema.

"Si kwa ubaya. Ni kwa ajili ya shangazi."

"Najua. Hata mimi nilijaribu kupiga nusu. Ikawa mbaya zaidi."

Akauliza kama hakuna kazi yoyote ndogo, hata ya kugonga kwa mbali, nyuma kabisa. Nikamweleza kwamba shangazi akimsikia, hata kwa mbali, huinuka kuuliza nani anaoa. Akaitikia kwa kichwa. Tukakumbatiana, na kifua chake kikanipiga mara kadhaa kwa sababu hakuweza kukizuia. Aliniuliza nani atashika paa. Nikasema sijui bado. Akaondoka kwa hatua zake zilezile. Lori la tumbaku lilikuwa linakuja, likalazimika kusimama kumpisha, maana yeye hawezi kuongeza mwendo wala kupunguza.

Alipokata kona, paa la nyumba likashuka taratibu kama kuku anayelalia mayai, likaishia mabegani mwangu. Nikainama, nikaingia ndani.

Kwenye kochi la Mzee Mihayo ameketi Kimya, amekunja nne.

Sikuwa nimewahi kumwona uso kwa uso, lakini nilimtambua. Ndiye anayekaa na shangazi tangu machweo mpaka alfajiri. Nikamwambia, kwa heshima lakini bila kumung'unya, kwamba anamnyima mama wa watu usingizi.

"Mimi?" anasema. "Mimi mwenyewe silali, binti. Zamani katika nyumba hii nilikuwa na mtu wa kunipokea zamu. Siku hizi nakesha peke yangu. Una chai?"

Mgeni ni mgeni. Nikaenda jikoni, mgongo umepinda chini ya paa, nikafungua friji kutafuta maji. Ndani hamna maji. Kuna nyuki, wamejipanga kwenye rafu za friji kama wafanyakazi wa zamu, na wote wanatoa sauti moja, ndefu, isiyopanda wala kushuka. Nikawauliza wanaimba wimbo gani.

"Hatuimbi," anasema mmoja aliye karibu na mayai. "Tunakaa tu."

"Mnakaa kwenye nini?"

"Kwenye sauti. Wewe unakaa kwenye nini?"

Walipoona nimeinama vile, walinihurumia, wakanimiminia kiasi kwenye sufuria. Sauti ilishuka polepole, nzito, ya rangi ya asali ya mwanzo wa msimu, na haikukatika hata nilipofunga friji. Nikaibandika jikoni kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Ilipochemka ikaanza kutoa vijisauti vya juu, vyembamba kama sindano, vikanichoma masikio.

Chujio la chai linaning'inia ukutani. Linakohoa kidogo ili nilione.

"Wa chini wapite, wa juu wabaki," linasema. "Ndiyo kazi yangu. Ila mkono wako usikamue. Watu wa harusi mna tabia ya kukamua."

Nikamimina. Sauti za chini zikapita zimenyooka, laini, zikajaa kikombe. Za juu zikabaki juu ya chujio kama majani ya chai, zikilalamika kwamba zimesafiri kutoka mbali. Nilitamani kuzikamua, maana katika kazi yangu zile ndizo zinazong'arisha wimbo. Nikauzuia mkono. Chujio likasema ahsante, la mwisho lililokuwa hapa lilichanika.

Nilimpelekea Kimya kikombe. Akanywa funda moja, akafumba macho, akanirudishia kikombe.

"Ni tamu," anasema. "Lakini haina pa kukaa. Twende."

Akainuka, akafungua mlango wa chumba cha shangazi. Najua chumba kile; kina kitanda, kabati na cherehani isiyofanya kazi, na mlango ukifunguka sana unagonga kabati. Sasa ndani kuna ukumbi mkubwa kuliko mji wenyewe. Sakafu ni ya saruji nyekundu iliyosuguliwa, dari sikuiona. Paa likanitoka mabegani, likapaa huko juu, nami nikanyooka kwa mara ya kwanza.

Nikabisha hodi. Hodi yangu ikaondoka. Nikaiona inakwenda, ikapungua, ikapotea. Nikasubiri. Kimya akasema nisiirudie, niipe nafasi ya kurudi. Baada ya muda mrefu ikarudi, imezeeka, na sasa ilikuwa inasema "Karibu."

Nikaingia.

Katikati ya ukumbi kuna kitanda, na juu yake amelala Mzee Mihayo. Nilikuwa nikimjua kwa sikukuu tu, mtu wa maneno machache mwenye misumari midogo midomoni, ambaye ukimwamkia aliitikia kwa nyusi. Sikuwahi kumwona amelala. Na sasa anakoroma.

Lazima niuseme vizuri mkoromo huu. Unapanda taratibu kama mtu mwenye mzigo anapanda ngazi. Ukifika juu unasimama, unafikiri. Kisha unashuka, na mwishoni kabisa kuna kifilimbi chembamba, kama birika lililotaka kuita likaghairi. Kila mkoromo unazunguka ukumbi, unarudi umelainika, na wakati huo mzee ameshaanzisha mwingine. Inalaliana, mmoja juu ya mwingine, bila kusukumana. Sikusikia ngoma popote. Hata hivyo paa lilikuwa juu, limetulia, na nilielewa limeshikwa na nini.

Kimya alijinyoosha sakafuni kando ya kitanda, mkono chini ya kichwa, akapitiwa hapohapo.

Nilisimama pale nikiona aibu kumwamsha mzee. Akafungua jicho moja mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si binti wa shemeji? Wa makelele?"

"Ndiye mimi, Kabula. Shangazi halali."

Akafungua jicho la pili.

"Halali?"

"Halali, mzee. Tangu ulipoondoka."

Akakaa kitako, akatazama miguu yake kwa muda. Miguu ilikuwa mitupu, jambo lililonishangaza kwa fundi viatu.

"Nilidhani sasa atapumzika," anasema. "Miaka yote aliniambia namsumbua. Nilijaribu ubavu, nikajaribu mito miwili, hata nikalala sebuleni, akaja kuniita nirudi. Nikasema basi, nikienda huku, angalau yeye atapumzika."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu aliyeshona kiatu vizuri, akaambiwa kinabana.

Nikamwomba mkoromo. Nilimweleza kazi yangu, na jinsi ninavyojifunza muziki usiochezwa, na jinsi ninavyoshindwa. Alisikiliza. Akasema yote hawezi kunipa, maana naye huko ana haja ya kulala, lakini mmoja atanipa. Akatia mkono chini ya mto, akatoa mkoromo mmoja umekunjwa vizuri kama shuka lililopigwa pasi. Nilipoupokea niliona ni mfupi sana. Hautoshi hata kumaliza kupiga miayo.

"Mzee, huu utaisha kabla hajafumba macho."

"Shika ncha hiyo," anasema, na yeye akashika nyingine. "Tuvute."

Tukavuta, kama watu wawili wanaokunja shuka lililotoka kuanuliwa, ila sisi tunalikunjua. Narudi nyuma hatua, naye anarudi hatua. Ukumbi unapanuka kutupa nafasi. Nataka kuharakisha, mkono umezoea kuharakisha.

"Taratibu," anasema. "Na usiurembe. Vuta tu."

Ukarefuka. Ulipofika urefu wa ua haukuwa mkoromo tena. Ulikuwa kama mvua inayokuja kwa mbali juu ya mabati ya watu wengine, ile mvua unayoisikia ukiwa umeshaingiza nguo ndani na huna haraka na jambo lolote. Nilimimina chini yake kile kikombe cha nyuki, kikajisambaza, vikakubaliana. Nikasikia mwili wangu mwenyewe unalegea. Hapo nikakumbuka kutazama mbele, nikaona Mzee Mihayo amekuwa mdogo kama kidole.

Nilikuwa sijafikiria hilo. Kadiri tulivyouvuta ndivyo alivyokwenda mbali. Nikasimama.

"Usisimame," midomo yake ilisema, na sauti ikanifikia baadaye sana. "Haujatosha."

"Ukitosha utakuwa huonekani, mzee."

Nikangoja jibu livuke ukumbi. Lilipofika lilikuwa limetulia kabisa.

"Anayetakiwa kulala ni yeye. Vuta."

Nikavuta. Alikuwa nukta, kisha hakuwa hata nukta, lakini ncha ile ya pili iliendelea kushikwa. Niliihisi mikononi, imekaza kidogo, kama kamba yenye mtu upande wa pili. Nilipaza sauti nikauliza nimpelekee shangazi salamu gani. Nilisubiri sana. Nilidhani swali limepotea njiani.

"Salamu zangu anazijua," sauti ikafika. Na nyuma yake kidogo ikafika nyingine, iliyochelewa: "Ila usiweke sauti kubwa. Kuna majirani."

Nikaamka.

Shavu langu lilikuwa na alama za herufi. Nje jua lilikuwa la alasiri na mtu fulani alikuwa anapasua kuni. Nilitazama kioo cha kompyuta. Mstari wa ngoma ulikuwa mtupu. Chini yake kulikuwa na sauti moja tu, ndefu kutoka upande huu wa kioo hadi ule, isiyo na jina, na sikumbuki kuirekodi. Ilikuwa inacheza. Nilivuta hedifoni masikioni nikakuta hazina kitu. Sauti ilikuwa inatokea kwenye ile spika ndogo niliyoiweka chumbani kwa shangazi kwa ajili ya majaribio.

Nilikwenda kwa ncha za vidole. Mlango ulikuwa wazi nusu, umegusa kabati.

Shangazi alikuwa amelala. Amelala kweli, mdomo wazi, mkono mmoja umeanguka, uso umelegea mpaka nikaona alivyokuwa enzi za usichana wake. Alikuwa amejibana ukutani, nusu ya kitanda ameiacha tupu, na spika ilikuwa juu ya mto wa upande ule mtupu, ingawa mimi niliiweka kwenye stuli. Mvua ile ya mbali ilikuwa inapanda, ikasimama, ikafikiri, ikashuka. Mwishoni kikatoka kifilimbi chembamba cha birika lililoghairi kuita.

Bila kufumbua macho, shangazi alinyoosha kiwiko akaisukuma spika.

"Geuka, Mihayo," alisema. "Umeanza."

Niliinama, nikaigeuza spika ikatazama kabati. Sauti ikapungua kidogo. Shangazi akalivuta shuka, akaendelea kulala.