Diski ya Mwalimu Kuria

Mama Maximilla aliacha shule darasa la tano kwa sababu ya diski, na hakuona haya kulisema. Ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Ukiteleza ukasema Kibukusu, lugha ya nyumbani, shuleni, unavishwa shingoni, na huivui mpaka umnase mwenzako naye akiteleza. Aliyebaki nayo jioni alichapwa. Maximilla hakujua kuchongea watu, basi akachapwa yeye, mpaka akachoka.

Sasa ana wajukuu wanaomteta kwa Kiingereza sebuleni kwake mtaani Langas, naye ameketi papo hapo. Hilo lilimchoma. Akajiunga na darasa la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, akaapa kwamba safari hii hatoki mpaka amalize.

Mwalimu Kuria, kijana wa kufunga tai hata siku ya matope, aliwafundisha vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na mkia: put on, kuvaa, get rid of, kutupilia mbali, carry on, kuendelea. Maximilla alivikariri akimenya viazi, akifua, akimfukuza jogoo jikoni. Carry on tu ndiyo iliyomgomea. Ubebe, uweke na juu, halafu eti umeendelea? Waingereza nao wana mambo yao.

Jumamosi moja Kuria akaja na diski.

"Hii ndiyo itafanya mushike English haraka," alisema.

Atakayebaki nayo mwisho wa darasa atafagia ukumbi, wenzake wakimtazama. Wa kwanza kuteleza kwa lugha ya kwao na kuvishwa alikuwa Nduta, rafiki yake Maximilla, mama mwenye duka lake na wajukuu wake. Hakuna aliyecheka.

Wakati wa mapumziko Maximilla alikuwa akipakua chai pale nje, kwenye moto wa kuni, ikammwagikia mkononi. Akamlilia mama yake kwa Kibukusu. Nduta alisikia, akageuza uso kama hakusikia. Kwa bahati mbaya Kuria alikuwa mlangoni.

"Nduta, mpatie. Mama, put it on."

"I will not put it on."

"Sheria ni msumeno, Mama. Ukikataa, hii class utoke."

Maximilla aliogopa, kwa maana hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu siku ya kwanza. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Akamvua Nduta ile diski taratibu, kama mtu anayemvua mtoto sweta, akainama, akaisukuma chini ya sufuria. Kamba ilishika moto kwanza.

"Mama, unafanya nini?"

"I am getting rid of it. Hiyo kitu ilinitoa shule mara moja, mwalimu. Hainitoi tena."

Nduta alikuwa akijisugua shingo. Maximilla akafunga mkono wake kwa leso, akampita mwalimu pale mlangoni, akaketi kwenye kiti cha mbele na kufungua kitabu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja na vikombe vyao.

"Carry on, mwalimu," alisema.