Aliyeamua Chini Hakai Juu

Mzee Hezroni wa Mwaya alikuwa mwamuzi, na uamuzi wake haukuwa na rufaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kuidai. Kwa miaka kumi na zaidi malafyale, mkuu wa nchi ile, alimwachia kesi za ndoa, za mipaka ya migomba, za ng'ombe walioingia kwenye mpunga wa watu. Akishasema neno, watu huinuka, hujikung'uta vumbi, huenda zao. Ndivyo alivyozoea. Lakini asubuhi ile, akiwa katikati ya njia ya kupanda bomani kwa Mdachi, kichwa kilikuwa kinamzunguka. Hakujua anakwenda kuamua kesi au kuamuliwa yeye.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mtoto. Angetile, mfinyanzi wa vyungu wa kule ufukweni, alifiwa na mumewe Enoki, akabaki na binti wa miaka mitano, Neli. Shemeji yake, Sadoki, akaja kumdai mtoto. Alisema ng'ombe wa mahari walitoka zizini kwa baba yao, kwa hiyo Neli ni wa ukoo. Angetile akasema Enoki kabla ya kukata roho alimwachia yeye mtoto, na waliosikia wapo. Basi wakaitwa barazani kwa Hezroni.

Siku ya baraza Sadoki alisema mpaka akaishiwa. Ikafika zamu ya Angetile. Mwanamke akasimama, akatazama upande walikoketi wazee, akashtuka, akajifunika nguo usoni, akatoka mbio, akapotelea kwenye migomba. Hakurudi. Hezroni alingoja, akakohoa, akasema, "Huyu amekimbia kwa sababu hana la kujibu. Mtoto ni wa Sadoki. Atamchukua mpunga ukishavunwa."

Sasa hebu msimcheke haraka. Kati ya wazee wale alikuwamo Andrea, baba yao Sadoki na marehemu Enoki, yaani baba mkwe wa Angetile. Na Mnyakyusa yeyote anajua kwamba mwanamke hamtazami baba mkwe wake, hakai naye mahali pamoja, na akimwona njiani huingia porini mpaka mzee apite. Hezroni aliyajua hayo tangu ananyonya. Ila Angetile alikuwa amebatizwa, na watu wa misheni walikuwa wamehubiri kwamba Mkristo ameyaacha mambo hayo ya kuwakimbia wakwe. Hezroni, mzee wa kanisa, aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Kwa hiyo kichwani mwake ilikaa hivi: huyu ni Mkristo, hawezi kuwa anamkimbia mkwe, basi anaikimbia kesi.

Aliyemfumbua macho ni mkewe, Maria, siku ya tatu, akiwa anamenya ndizi.

"Baba Anyisile, mimi nilibatizwa lini?"

"Si siku moja na mimi?"

"Na baba yako alikufa lini?"

"Miaka sita baadaye. Kwani vipi?"

"Katika miaka hiyo sita, uliniona hata siku moja nimesimama mbele yake?"

Hezroni akakumbuka. Miaka sita mkewe alikuwa akizungukia nyuma ya nyumba na mtungi wa maji kichwani, na yeye hakuona kitu. Aibu ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Siku ile ile alikwenda kwa malafyale kuomba kesi irudiwe. Loo, amechelewa! Sadoki, mtu wa haraka, alikwisha kuiandikisha bomani. Kilichoandikwa bomani, malafyale akasema, sisi huku hatukigusi tena. Basi Hezroni akampelekea Angetile ujumbe kwamba apande bomani, akate rufaa.

Halafu, kama mchezo, tarishi akateremka na agizo. Bwana Mkubwa, yule Mdachi wa boma, anataka wazee watatu kutoka bondeni wakae naye kwenye rufaa ile, wamweleze desturi. Zebedayo wa Mbugani, Tuntufye wa Katumba, na Hezroni wa Mwaya. Hezroni karibu apige vigelegele. Mungu amefungua mlango! Atakaa pale pale panapoamuliwa, aseme nilikosea, mtoto abaki kwa mama yake, yaishe.

Chumba cha boma kilikuwa na meza moja ndefu na bendera. Bwana Mkubwa alikaa katikati, na pembeni yake karani, mtu wa pwani mwenye kanzu safi, aliyekuwa akitafsiri. Angetile alikaa chini karibu na mlango, Sadoki upande wa pili. Kabla ya jambo lolote Bwana akauliza kila mzee kama amewahi kuisikia kesi hii.

"Sijaisikia," akasema Zebedayo.

"Hata mimi," akasema Tuntufye.

Hezroni akawaonea huruma. Watu wazima, wametembea siku mbili, wamekuja kuamua wasichokijua! Akasimama, akarekebisha shuka lake. "Mimi naijua yote, mwanzo mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyeiamua."

Bwana akaweka kalamu chini. Akasema maneno machache. Karani akageuka. "Mzee, toka nje."

"Nitoke? Kwa kosa gani?"

Karani akamfuata hadi kwenye baraza ya boma, akamweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. "Ndiyo sheria yao. Hata kule Dar es Salaam, kwenye mahakama yao kubwa, wanakaa majaji kadhaa kusikiliza kesi za Wazungu kwa Wazungu. Aliyeamua chini hakai juu. Atajipendelea."

"Mimi sitaki kujipendelea. Mimi nataka kujikana!"

"Hilo halijaandikwa popote, mzee wangu."

"Kwa hiyo anayeijua kesi anatoka, wasioijua wanabaki?"

"Naam."

"Na hii mnaiita akili?"

"Tunaiita haki," karani akasema, akarudi ndani.

Hezroni akaketi barazani, chini ya dirisha, haelewi hata moja. Kwao mtu asiyeijua kesi tangu mwanzo hafungui mdomo. Akamsikia Angetile akieleza kwamba alikimbia kwa sababu baba mkwe wake alikuwa ameketi pale. Hezroni akatikisa kichwa kwa furaha. Vizuri, mama, sema. Kisha Bwana akawageukia wazee wawili, akauliza kama kwa desturi yao yule mwamuzi alikosea.

"Aliyeamua ni yule Hezroni aliyetoka?" akauliza Zebedayo.

"Ndiye."

"Aa! Hezroni ninamfahamu. Yule hakosei. Kama mwanamke angekuwa anamkimbia mkwe kweli, Hezroni angemwondoa mzee kwanza. Hilo hata kipofu angeliona."

"Kabisa," akasema Tuntufye. "Kama ni Hezroni, ni sawa."

Hezroni akaruka, akasimama mlangoni. "Nilikosea! Jamani, mimi mwenyewe nasema, nilikosea!"

Bwana akamtazama, akasema neno, karani akalitafsiri bila kuinua macho. "Mwamuzi huwa amekwisha sema kwenye uamuzi wake. Neno la pili halisikilizwi. Hukumu ya Mwaya imethibitishwa."

Angetile alimkuta nje, kwenye ngazi, ameshika kichwa. Alimwamkia kwa heshima kama anavyoamkiwa mzee, kisha akauliza, "Baba, sasa niende kwa nani?"

"Wanasema juu ya huyu yuko Gavana, Dar es Salaam."

"Atanisikiliza?"

"Hasikilizi. Anasoma karatasi."

"Na karatasi inasemaje?"

"Inasema Hezroni aliamua sawa."

"Si uwaambie uliamua vibaya?"

"Nimewaambia, mwanangu. Umesikia mwenyewe. Wamesema mimi si wa kuulizwa tena."

Angetile akamtazama usoni bila hasira, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

"Hata mimi, baba, siku ile barazani kwako sikuulizwa kwa nini nilikimbia," akasema. Akamshukuru, "Ndaga," akafunga nguo yake kiunoni, akaanza kuteremka, maana mpunga ulikwisha vunwa, Sadoki alikuwa amesema atamfuata mtoto Jumapili, na nguo za Neli zilikuwa hazijafuliwa.