Kola ya Jenerali

Jenerali Sering Jobe, aliyeitawala nchi kwa bakora, aliingia uani kwa Kumba Njie na kanzu nyeupe pe na bakuli la njugu za kola mkononi. Kesi yake ingeanza Jumatatu, na shahidi mkuu alikuwa Kumba. Ousman mumewe alichukuliwa na askari wake akiwa anakula chakula cha mchana, asionekane tena, hata kaburi.

Zee lile lilikuwa na akili. Jobe na Njie ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akileta kola kuomba radhi hanyimwi. Ndiyo maana alikuja na imamu, na mtaa mzima ukawafuata kutazama.

"Hodi, watumwa wangu!"

"Mtumwa babu yako!" Mdomo wa Kumba ulijibu wenyewe kwa mazoea. "Jobe mlafi wewe, umemaliza wali wa uhamishoni ndiyo ukatukumbuka?"

Watu wakaangua kicheko. Jenerali naye akacheka, tumbo likimtikisika, na Kumba akazidi kumchukia, maana kicheko chake kilikuwa kizuri.

"Mtani, nilikukosea. Nisamehe, tuyamalize kindugu."

"Mama, usile hiyo kola!" binti yake Yassin alifoka kutoka jikoni. "Ukila tu, kesi imekufa!"

Kumba akaitia kola mdomoni, akaitafuna polepole, chungu hivyo hivyo. "Nimekusamehe."

Yassin akaangua kilio. Jenerali akashusha pumzi, akampa imamu mkono wa pongezi.

"Ngoja, mlafi. Sasa zamu yangu. Mtani hanyimwi, au siyo, imamu?"

"Hanyimwi," imamu alisema, mashavu yamejaa kola.

"Ousman wangu yuko wapi?"

Jenerali alimtazama imamu, akautazama umati uliojaa hadi mlangoni, asipate pa kutokea. "Nyuma ya kambi," akasema. "Penye kisima cha zamani."

Kumba akaketi chini. Miaka yote ile, kumbe alikozikwa ni mwendo wa kwenda sokoni tu.

Jenerali akageuka kuondoka. "Basi yamekwisha, mtani. Jumatatu huna haja ya kwenda."

"Nitakwenda." Kumba alijifuta machozi kwa upindo wa nguo. "Na wewe utayarudia haya haya kortini. Mimi nimekusamehe, mtani wangu. Jaji si Njie."