Pombe ya Kumrudisha Jeska

Watu walionunua vikapu kwenye tovuti ya Theodosia walidhani mama yule ni mshairi. Chini ya picha ya kikapu cha unga, mahali ambapo muuzaji mwenye akili zake angeandika urefu na upana, yeye aliandika: "Hiki kimesukwa wiki ambayo mguu wa bibi ulipona. Sasa anakwenda kisimani mwenyewe." Chini ya kingine: "Paa la jikoni limekwisha. Mvua ikinyesha hatuhami tena." Wazungu wa Ubelgiji walipenda kweli kweli. Walinunua, na wengine wakaandika kwamba machozi yamewatoka. Wangejua! Maneno yale hayakuwa yao hata kidogo.

Yalikuwa ya Jeska, binti yake wa kwanza, aliyekwenda kufanya kazi za ndani katika nchi moja ya Arabuni ambayo sitaitaja, maana sina ugomvi na mtu. Jeska alipofika kule, simu yake ilichukuliwa siku ya kwanza, na wakala aliyempeleka akabadilisha namba, mwanahizaya yule. Kikabaki kitu kimoja tu, tableti ya watoto wa tajiri wake, ya kuchezea michezo. Haikuwa na njia ya kupiga simu wala kutuma ujumbe, lakini duka la mtandaoni ilifungua. Basi kila Ijumaa mchana, tajiri na mkewe wakienda kula kwa wazazi wao na kumwachia watoto, Jeska aliingia dukani kwa mama yake kama mteja. Aliagiza kikapu kidogo kimoja, cha kulipia kikifika, na pale penye nafasi ya anwani akaandika barua. Mama akaisoma kule Gitega, nyumbani kwake mtaa wa Yoba, akajibu chini ya picha ya kikapu. Karibu miaka miwili walizungumza hivyo, na hakuna kikapu hata kimoja kilichosafirishwa.

Lipo jambo moja ambalo Theodosia hakupenda kulikumbuka. Mwaka wa kwanza, mwezi wa tano, Jeska aliandika: "Mama, nimechoka. Nataka kurudi." Nyumba mpya waliyokuwa wakijenga Yoba ilikuwa imefika kwenye madirisha, na mshahara wa Jeska, ulioingia benki bila barua wala jina la mtu, ndio uliokuwa ukiipandisha. Theodosia alikaa na maneno yale siku mbili, kisha akaandika chini ya kikapu: "Vumilia, mwanangu." Jeska hakuomba tena. Wala hakulalamika tena, na hilo ndilo lililomuuma mama yake zaidi.

Ndipo siku moja ya Ijumaa ikaingia oda ya kikapu kidogo kimoja. Kwenye anwani: "Mama, mkataba wangu unaisha tarehe thelathini. Wanataka nisaini miaka mingine miwili. Nikikataa, wananipa tiketi ya ndege. Nirudi? Sitaki kuja kuwa mzigo kwenu. Niambie kabla ya tarehe hiyo. Nisiposikia kitu, nitajua."

Theodosia alipiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika. Alichukua simu palepale aandike neno moja tu, "Rudi," na laiti angeliandika na kunyamaza, mimi nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Lakini mumewe Kastori alimshika mkono.

"Mama Jeska, taratibu. Mara ya kwanza tulimwambia avumilie. Leo unataka kumwita kwa neno moja kavu, kama mtu anayemfukuza mbuzi shambani?"

"Atalisoma Ijumaa ijayo, Baba Jeska. Neno ni neno."

"Neno kubwa halisemwi mdomo mkavu. Wewe umekulia kambi ya wakimbizi kule Kasulu, lakini hata kambini mlikuwa mnajua. Mkono mtupu haulambwi. Mwachie mtoto aone tumemtengenezea pombe, ndipo atajua tumemwita kwa moyo wote."

Na hapo Kastori hakusema uongo. Kwa watu wa kule, ukienda kuomba mchumba unabeba pombe, ukienda kuomba radhi unabeba pombe, na mtoto aliyekaa ugenini hawezi kupokewa kwenye nyumba ambayo vibuyu vyake vimekauka. Theodosia alikubali. Na kwa nini asikubali? Deni la lile "vumilia" lilikuwa bado halijalipwa. Alitaka safari hii mwanawe asiwe na shaka hata chembe.

Kastori akaenda shambani kwake Bugendana, ambako alikuwa na ndizi zilizoiva shimoni, akakamua urwarwa, pombe ya ndizi. Siku ya Alhamisi akarudi na chungu kinachotoa povu. Wakakiweka sebuleni, wakachomeka mirija mitatu, wa baba, wa mama na wa Jeska. Theodosia akapiga picha, akaiweka kwenye tovuti. Tovuti ile haikukubali picha bila jina la bidhaa wala bei, basi akaandika jina: "Pombe ya ndizi, ya Jeska." Kwenye bei akaweka sifuri, ikakataa. Akaweka faranga moja, ikakubali. Chini yake akaandika: "Rudi, mwanangu. Rudi nyumbani. Mrija wako huu hapa."

Usiku ule alilala usingizi mzuri, maskini.

Ijumaa ilipita bila oda. Kastori alisema mtoto yuko mbioni kufunga mizigo. Ijumaa ya pili nayo ikapita. Wateja wa Ubelgiji waliendelea kuagiza kama kawaida, na mmoja akauliza kama ile pombe inaweza kutumwa kwa posta. Tovuti ilifunguka vizuri hapo Yoba. Theodosia aliifungua mara ishirini kwa siku, akawa anajiuliza kama mwanawe ni mgonjwa, au amenyang'anywa tableti, au ana hasira. Jumanne hakuvumilia tena. Mafuta ya gari siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi; alisimama kituoni tangu alfajiri hadi saa nne ndipo akapata gari la Muyinga.

Muyinga ndiko alikokuwa Nausheen, mkwe wa mzee Hassanali mwenye duka la vitambaa. Nausheen ndiye aliyewatengenezea tovuti wasusi wa vikapu wa Gashoho, na Theodosia ndiye aliyeisimamia. Mambo ya barua za Jeska alikuwa akiyajua, tena Ijumaa nyingine aliuliza hali ya binti kabla ya kuuliza mauzo.

Alifungua kompyuta juu ya kaunta, katikati ya majora ya vitenge. Akapitia orodha ya walioingia dukani, akakunja uso.

"Mama Jeska, hii iko ajabu. Kutoka ile nchi hakuna mtu hata moja ameingia, siku kumi na mbili sasa. Mbele walikuwa wanaingia kidogo kidogo. Ngoja mi niulize Naushad."

Naushad alikuwa kaka yake, aliyefanya biashara katika nchi ileile, mji mwingine. Alipoombwa aifungue tovuti, hakukawia. Akatuma picha ya kioo cha simu yake: ukurasa mweupe, maandishi ya Kiarabu, na chini mstari mmoja wa Kiingereza ambao Nausheen aliusoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuusema.

"Wameizuia. Banasema iko inauza pombe." Akainua macho. "We uliweka pombe huku?"

Theodosia alimwonyesha picha ya chungu. Nausheen akafumba macho.

"Donc, yaani, iko na jina pombe, iko na bei. Mama, kule pombe ni haramu, kuuza ni gereza. Hakuna mtu ameangalia, ni machine tu. Imeona, imefunga duka lote."

"Sikuuza!" Theodosia alipiga kelele hadi wateja wakageuka. "Nilikuwa namwita mwanangu!"

Nausheen alizunguka kaunta, akamshika mabega. Hakumlaumu, Mungu ambariki. Picha waliifuta dakika ileile. Theodosia akapendekeza wafungue tovuti nyingine yenye jina jingine, Nausheen akamuuliza kwa upole Jeska atalijuaje jina hilo. Wakafikiri Naushad aende akamtafute, lakini mji ule una watu milioni, na jina la tajiri hawakulijua ila kwamba watoto wanamwita baba. Ikabaki kuandika barua ya kuomba wafunguliwe. Nausheen aliiandika kwa Kiingereza, Naushad akaitafsiri kwa Kiarabu, wakaeleza kwamba hili ni duka la vikapu na kosa limeshaondolewa. Jibu likarudi jioni: ombi limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku saba hadi kumi na nne.

Tarehe ilikuwa ishirini na moja.

Siku zilizofuata sitazisimulia sana, zinachosha roho. Theodosia alirudi Gitega, hali wala halali vizuri. Pombe ilichachuka, Kastori akaimwaga nyuma ya nyumba bila kumwambia mtu. Ijumaa ya mwisho kabla ya tarehe thelathini, Theodosia alikaa na simu mapajani kutwa nzima, akijua kwamba saa ile mwanawe anagonga mlango uliofungwa, na yeye yuko nyuma yake hawezi kuufungua. Tarehe thelathini ikaja. Ikapita kama siku nyingine yoyote, watu wakaenda sokoni, watoto wakatoka shule.

Tarehe nne Nausheen alipiga simu analia na kucheka. "Bameifungua, Mama Jeska! Duka iko wazi!"

Ijumaa mchana ikaingia oda ya kikapu kidogo kimoja. Theodosia alisoma amesimama.

"Mama, leo nimejaribu tu, nikaona duka limerudi. Nilikuuliza, na wiki ileile ukalifunga. Ijumaa tatu nimejaribu. Basi nikaelewa, sikukasirika. Nyumba haijakwisha na wadogo zangu wanasoma. Nimesaini miaka miwili. Msijali, nimeshazoea. Msalimie baba."

Alimpa Kastori simu. Kastori alisoma polepole, midomo ikitembea, kisha akaenda kukaa kitandani na viatu vyake vya shamba. "Ni mimi," alisema. "Wewe ulitaka kuandika neno moja." Theodosia alipiga magoti, akamvua viatu.

Aliandika jibu siku hiyohiyo, chini ya kikapu cha kwanza kabisa ili lisikosekane. Hakuweka picha mpya wala bei. "Hatukukufungia, mwanangu. Tulikuita siku zilezile. Baba yako alitengeneza kinywaji cha kukupokea, nikakionyesha hapa, na wakubwa wa huko wakafunga duka kwa sababu yake. Tulikuwa tumesema ndiyo. Kitanda chako kilikuwa kimetandikwa. Tulikutaka sana. Nisamehe."

Alipomaliza alihisi nafuu kidogo. Angalau mtoto atajua ukweli, alijiambia, ukweli hauozi. Akasubiri wiki nzima akiwa na tumaini la kijinga, kwamba labda mkataba unavunjika, labda tajiri ana huruma, labda Jeska atasema neno la kumtua mzigo.

Ijumaa oda ilichelewa. Iliingia karibu saa kumi.

"Mama, nimesoma. Nimeuliza kama naweza kurudi, wamesema nilipe kwanza gharama zao, na pesa hizo sina. Mama, nakusamehe. Lakini afadhali usingeniambia. Nilipodhani hamnitaki nilikuwa ninalala. Sasa najua kitanda kimetandikwa, na miaka miwili sijui nitaimaliza vipi."

Theodosia aliiweka simu mezani kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Kisha akaangua kilio, kile cha matangani, kinachotoka tumboni. Majirani wa Yoba walikuja mbio, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni tayari kwa msiba, wakajaa mlangoni wakiuliza nani amefariki. Kastori alisimama mbele yao, akawaambia hakuna aliyefariki, kisha akaanza kuwatolea viti kama msibani.