Kadii Mke wa Nani?

Mwaka 1998, mafuriko yalipopungua Garsen, kamati ya kugawa mbegu ilinipa mimi, mwalimu Hudson Jilo, kazi ya kuchapa orodha ya waliojiandikisha kupewa. Niliiandika kwa LaTeX, programu ya kompyuta inayopanga maandishi kwa amri, niliyojifunza chuoni Nairobi. Nilitunga amri mbili. Ya mwanamume ilidai jina lake tu; ya mwanamke ilidai majina mawili, lake na la mumewe, na katikati ikajaza yenyewe "mke wa".

Orodha ilibandikwa ukutani asubuhi. Kabla ya adhuhuri Beryl aliingia ofisini, ameibandua.

"Mwalimu, soma hapa."

Nikasoma: Kadii mke wa Nyale Katana. Nyale ni mumewe Beryl.

"Nani kakwambia haya?"

"Hakuna, mama."

"Basi yamejiandika?"

Nikaigeukia kompyuta. Akanitazama kama shahidi aliyepangwa. Akamtuma mtu amwite Kadii, aliyekuja na kusimama mlangoni, akakataa kiti.

"Nilikwambia nini, mwalimu?"

"Jina la mume niliache."

"Uliache. Sikusema unitafutie mwingine."

Nikafungua faili. Kwa Kadii niliandika jina moja tu. Amri ilipokosa la pili haikusimama wala kulalamika. Ilichukua kilichofuata, na aliyefuata kwenye orodha alikuwa Nyale.

"Kompyuta haiozeshi watu," Beryl akasema.

Nikamwambia achague mume yeyote kwenye orodha, nimfute kwa mkewe aone. Akamchagua Changawa, mwenyekiti wetu. Printa ikatoa karatasi: mkewe Changawa sasa ni wa Gollo, mfugaji aliyemfuata kwenye orodha. Kadii akacheka. Beryl hakucheka.

Nikarekebisha: jina la pili likikosekana, ichapwe "hakutajwa".

"Hapana," Kadii akasema. "Wataanza kumtafuta huyo asiyetajwa. Niandike Kadii, basi."

Nikatunga amri upya: jina la mume liwe la hiari, na lisipokuwepo, maneno "mke wa" yasichapwe kabisa.

Beryl akaisoma karatasi mpya mara mbili.

"Na mbona Nyale yuko palepale, baada yake?"

"Nilifuata foleni ya kujiandikisha."

"Kumbe walifuatana."

Akaondoka na karatasi zote tatu.

Siku ya kugawa mbegu Nyale alikuja na mkewe. Beryl hakuingia, alikaa kizingitini, macho kwa Kadii, mpaka Kadii alipojitwisha kiroba chake na kuondoka.