Radhi ya Mishi

Mjukuu wangu Mishi alikuwa na pumu tangu uchanga wake. Daktari wa Msambweni alituambia kifua kile atakuwa nacho miaka mingi, lakini ataishi. Tukazoea kumlaza ameegemea mito, mimi ubavuni kwake. Basi mwaka wa hamsini na nne, naye ana miaka saba, akakataa kulala. Macho yakimlegea, hujifinya. Mchana alilia ovyo, na kadiri alivyokosa usingizi ndivyo kifua kilivyozidi kumbana. Niliogopa sana kwamba tutampoteza.

Jirani mmoja alisema ni jini, mwingine akasema ni kijicho. Nami kwa ujinga wangu nikafukiza ubani chumbani. Mtoto alikohoa nusura azirai, nikayatupa makaa nje huku nikijitukana. Kisha nikafanya nililopaswa kufanya mwanzo: nikamuuliza mwenyewe.

"Mishi, waogopa nini?"

"Nikilala sitaamka, bibi. Babu Alfani alikuja kunitaka radhi."

Nilimhurumia, na hasira zikanipanda papo hapo. Alfani ni kaka yangu. Alikuwa akijiandaa kwenda Makka kwa meli, na mwenye kwenda hija humtaka radhi kila mtu, maana kurudi ni majaliwa. Siku zote humwita Mishi Bi Mapengo. Siku ile alimshika mikono yote miwili, bila mzaha, akamwambia, "Niwie radhi, mjukuu wangu." Mishi aliwahi kuyasikia maneno hayo mara moja tu, watu walipomwinamia marehemu mume wangu kitandani, na kesho yake tukazika. Sisi wakubwa wote, hakuna aliyefikiri kumweleza.

Nikamweleza, lakini nikaona haamini. Nikambeba mgongoni, mwepesi kuliko umri wake, hadi kwa Mwanaima muuza vitumbua, nilikojua Alfani yuko. Wawili hao walinuniana tangu mbuzi wa Alfani alipotafuna leso ya Mwanaima kambani.

"Niwie radhi, Mwanaima, kwa lile la mbuzi," Alfani alikuwa akisema.

"Mbuzi nimemsamehe. Wewe, ngoja nifikiri."

Mishi akachungulia begani pangu. "Shikamoo, Bi Mwanaima. Wewe nawe wafa?"

"Huyu?" akasema Alfani. "Huyu atatuzika sote."

Nilipomwambia kaka yangu alichokifanya, aliketi chini pale pale kwenye mchanga.

"Bi Mapengo," akasema, "anayeondoka ni mimi. Wewe wabaki hapa na bibi yako."

Mishi akawaza kidogo. "Basi nimekuwia radhi. Lakini urudi."

"Inshallah," akajibu Alfani.

Njiani nilisikia mzigo wangu unazidi uzito. Kichwa kikaniangukia shingoni, mikono ikalegea. Kifua chake kilikuwa bado kikipiga mluzi, lakini alikuwa amelala. Nilifika mlangoni kwangu, nikaupita nisije nikamwamsha, nikaendelea kutembea.