Kidonda cha Jescah

Muhonja alikuwa anasonga obusuma, ule ugali wa kwao, Sylvia alipoingia jikoni bila kubisha hodi. Sylvia alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mdogo wa umbo, lakini mwenye ulimi usiozunguka.

"Mama Tyson," alisema, "kuna mtu anaoza kwa boma lako, na wewe kila Jumapili unatuongozea nyimbo."

Muhonja hakuuliza ni nani. Tangu mwezi uliopita harufu ilikuwa inavuka ua, na kila ilipomfikia alitema mate na kufunga dirisha. Ng'ambo ya ua aliishi Jescah, mke mwenza wake. Miaka kumi na mmoja hawakuwa wamesalimiana, tangu siku Andati, mume wao, alipomleta Jescah kutoka kambi ya wakata miwa kule Butali, akahamishia hata kitanda chake kwa huyo mke mpya. Andati sasa alikuwa marehemu. Jescah hakujaliwa mtoto. Kisha titi lake la kushoto likaota uvimbe, na uvimbe ukapasuka.

"Dada zake je?"

"Walikuja mara moja. Walisimama mlangoni, wakaenda."

Muhonja aliepua sufuria, akafunga leso kiunoni, akamfuata. Aliongozwa na aibu tu, upendo haukuwemo.

Jescah alikuwa amelala chali kwenye godoro, amekonda, macho makubwa. Sylvia alipobandua kitambaa kifuani, kiling'oka na nyama. Titi halikuwepo. Palikuwa na shimo lenye kingo zilizofura, jeusi huku, kijani kule, linatoa maji mazito, na ndani yake vitu vyeupe vikijinyonganyonga. Funza. Muhonja alitoka mbio, akashika ukuta, akatapika mpaka ikabaki nyongo.

"Tapika tu, Mama Tyson," sauti ya Jescah ilimfuata kutoka ndani. "Hata mimi natapikanga."

Hospitalini walishasema ugonjwa umefika mbali. Walimpa dawa ya maumivu, ya kunywa kwa kijiko, na vidonge vya kusaga na kunyunyiza kwenye kidonda ili kupunguza uvundo. Sylvia alimwonyesha Muhonja namna ya kuchemsha maji na chumvi, kuyapoza, kuosha, kutoa funza mmoja mmoja, na kuweka makaa yaliyozimwa kwenye karai chini ya kitanda yanyonye harufu. Kisha akaenda kwa wagonjwa wake wengine, akawaacha wake wenza wawili peke yao.

Muhonja alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Hakuzoea. Wale wanaosema mtu huzoea hawajawahi kuosha kidonda kama kile. Harufu ilimkaa kwenye nywele na chini ya kucha. Nyama ilimshinda kula. Hata maziwa yaliyoganda yalimkumbusha. Alipokuwa akiosha alipumua kwa mdomo na kuangalia pembeni, na moyoni alimchukia yule mwanamke kwa kuwa na mwili wa namna ile.

Kulikuwa na jambo jingine alilolijua yeye peke yake. Siku alipopata habari za uvimbe, alipiga magoti chumbani kwake na kumshukuru Mungu. Aliyaelewa mateso ya Jescah vizuri sana: amenyang'anya mume wa mtu, na Mungu amemwekea mkono palepale alipomlaza huyo mume. Hesabu ilikuwa imekamilika. Kwenye kikundi cha akina mama alikuwa amelisema hilo kwa mafumbo, nao wakaitikia amina.

Wiki ya tatu kanisa likaja. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali. Mchungaji Onesmus alitangulia, nyuma yake akina mama sita, leso puani. Mmoja alitoa chupa ya marashi akapuliza mlangoni, na marashi yalipochanganyika na uvundo ikatokea harufu mbaya kuliko ile ya kwanza. Chai aliyopika Muhonja hakuna aliyeigusa. Mmoja wao aliinua simu, akaanza kurekodi.

"Dada Jescah," Mchungaji alisema akiwa amesimama kizingitini, "Mungu hatesi mtu bure. Huenda kuna dhambi uliyoificha, au anakusafisha uwe ushuhuda. Ungama tu, mpendwa. Mateso yako ni zawadi."

Muhonja alikuwa ameshika bakuli la maji ya kidonda. Kinyaa kilimshika, na safari hii kidonda hakikuwa na kosa. Maneno yale alikuwa anayajua. Yalikuwa yake. Yalitoka kinywani mwa Mchungaji yakiwa laini, yenye mate, na yeye akayaona yalivyo.

"Mchungaji," Jescah alisema, "njoo unishike mkono uombe."

Mchungaji alitazama mkono, kisha kifua. "Nitaomba kutoka hapa. Maombi hayana mipaka." Akanyoosha kiganja hewani.

"Zima hiyo simu," Muhonja alimwambia yule mwanamke.

"Mama Tyson, ni kwa utukufu wa..."

"Izime! Na kama mateso ni zawadi, Mchungaji, shika hili bakuli ubebe sehemu yako."

Alimsogezea. Mchungaji alirudi nyuma hatua mbili, akamkanyaga mama mmoja. Waliomba kwa haraka, macho wazi, wakaondoka. Walipofika barabarani Muhonja aliwasikia wakitema mate, mmoja baada ya mwingine.

Aliketi chini.

"Jescah, nilifurahi ulipougua," alisema. "Nilimshukuru Mungu."

"Nilijua. Nyimbo zako za kushukuru nilikuwa nazisikia hapa kitandani."

"Na hukusema kitu?"

Jescah alikusanya pumzi. "Ile picha ya Yesu pale kanisani ni safi mno. Tone moja la damu, na nywele zimechanwa. Mimi nimelala hapa nikifikiri: mtu amechapwa mgongo ukachanika, ametundikwa juani uchi, hawezi hata kufukuza inzi. Yesu alinuka, Mama Tyson. Hakuna mhubiri aliyewahi kuniambia. Sijui kwa nini ninaumwa, na nimeacha kuuliza. Lakini kama yeye alinuka, basi humu ndani ya uvundo tuko wawili."

Muhonja alilia kwa sauti mbaya, kama mtu anayekohoa. Alingoja aambiwe amesamehewa.

"Badilisha kitambaa," Jescah alisema. "Kimelowa."

Alikibadilisha. Siku hiyo hakuangalia pembeni. Alikitazama kidonda chote, kingo zake na kina chake, na bado kilimchukiza, na bado alikiosha.

Jescah alifariki Jumanne moja asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Muhonja. Akina mama walikataa kumwosha. Muhonja na Sylvia walimwosha, na Muhonja akatoka mara moja kutapika, akanawa mdomo, akarudi. Kwenye mazishi alipoombwa aseme neno, alisema kwa ufupi: "Huyu aliumwa vibaya, na Yesu alikuwa karibu naye kuliko sisi sote tuliosimama mbali. Mimi nilisimama mbali kuliko wote." Mchungaji aliinamisha kichwa, huenda ni aibu, huenda ni jua.

Baada ya siku nane Muhonja alienda nyumbani kwa Sylvia, akamkuta akipanga dawa kwenye mkoba.

"Kuna mwingine?" aliuliza.

"Yupo mzee Wandera. Mguu, kwa sababu ya sukari. Watoto wake wamemhamishia kwenye banda la ng'ombe." Sylvia alimtazama. "Utaweza?"

"Kinyaa hakijaniisha, Sylvia."

"Mimi mwaka wa sita huu, hakijaisha."

Muhonja alichukua mkoba upande mmoja, Sylvia akashika upande wa pili, wakaelekea kwa Wandera.